Ubeti Mmoja, Ukurasa Mmoja

Katika shule ninayofundisha, mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hicho nilikipata siku printa ilipokwama, nikaifungua kwa kalamu na hasira, ikatema karatasi iliyokunjamana, na ofisi nzima ya walimu ikapiga makofi. Tangu hapo, mwalimu akipoteza mtihani wake ndani ya mashine huja kwangu. Mimi huinamia kioo, huguna kidogo, kisha huzima na kuwasha. Mara nyingi inapona. Nafundisha Kiswahili, na kompyuta sijaisomea hata darasa moja.

Kwa hiyo Baba alipohitaji kitabu cha nyimbo chenye maandishi makubwa, hakuna aliyeuliza ni nani atakayekiandika. Nilijitolea kabla sijaombwa, tena mbele ya wageni.

Baba ndiye kiongozi wa nyimbo katika kanisa letu, huku juu ya Sotik. Vitabu vya nyimbo tulivyo navyo ni vichache, na vingi vimeshaachana na majalada yake, kwa hiyo tunaimba kwa kusomewa. Kiongozi anasimama mbele na kusoma ubeti mzima kwa sauti, waumini wanauimba, wanamaliza, wanamsubiri asome unaofuata. Anachosoma ndicho kinachoimbwa. Baba ameifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ni mtu asiye na subira na ng'ombe, na majani chai anayochuma yeye mwenyewe hukataliwa kwenye kituo cha kupimia kwa kuwa ni makubwa na magumu. Lakini mpe kitabu cha nyimbo na kanisa lililojaa, utafikiri ni mtu mwingine.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Daktari wa Kericho alisema ni presha ya macho, akampa dawa za matone, akatuambia kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Wakati huohuo tulipata mchungaji mpya, kijana mwenye bidii, aliyetaka tununue projekta na vijana washike nyimbo. Wazee wa kanisa walikaa kikao kirefu. Walipotoka, mwenyekiti wao alitangaza uamuzi: mzee ataendelea kuongoza maadamu anaweza kusoma. Siku atakaposhindwa kusoma, atawaachia vijana.

Baba alitikisa kichwa kukubali. Tulipofika nyumbani hakunywa chai yake, na Baba ni mtu anayekunywa chai hata akiwa amekasirika. Ndipo nikatangaza kwamba nitamchapia kitabu kipya.

Nilitumia ile programu ya kuandikia ya mtandaoni, ya bure, inayojihifadhi yenyewe kila unapopumua. Niliipenda kwa sababu ningeweza kuandika kwenye kompyuta ya shule saa za mapumziko, nikaendelea nyumbani kwa laptopu yangu, na nikarekebisha kwa simu nikiwa popote. Nilinakili nyimbo zote anazozipenda Baba kwa herufi kubwa na nzito. Nilitaka kila wimbo uanze juu ya ukurasa wake, ili asihangaike kuutafuta katikati ya karatasi. Sasa, mtu anaufikishaje wimbo juu ya ukurasa unaofuata? Mimi niliona ni jambo la wazi kabisa. Unabonyeza Enter. Unabonyeza tena. Unaendelea kubonyeza mpaka wimbo usukumike, uvuke mpaka, utue upande wa pili. Nilifanya hivyo kwa kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, na kidole changu kikauma, nami nikajivunia maumivu hayo. Mwalimu wa hesabu aliponiuliza ninafanya nini, nilimjibu kwamba napanga kurasa. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Nilienda kukichapisha kwenye saiba moja ya Sotik, duka la intaneti na uchapaji, wakakifunga kwa waya wa plastiki pembeni, nikampelekea Baba. Alikifungua, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini ongeza maandishi kidogo."

Hapo ndipo niliponaswa. Nilirudi kwenye mashine, nikachagua maandishi yote, nikaongeza ukubwa, nikachapisha bila kuangalia. Kwa nini niangalie? Kurasa nilikuwa nimeshazipanga.

Yeyote aliyewahi kufanya ujinga wangu anajua kilichotokea. Maneno yalipanuka, na zile Enter zangu zote zikapanuka nayo, zikaanza kuhama kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Jumapili ile Baba alisoma ubeti wa kwanza, wa pili, akafunua ukurasa, akakuta mweupe pee. Wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili, zikiwa upande wa pili wa karatasi ile tupu. Baba akautazama ule weupe, akaona wimbo umekwisha, akafunga kitabu na kusema, "Tuombe." Kanisa zima likafumba macho, isipokuwa mpiga kinanda, ambaye alikuwa ameshaanza utangulizi wa ubeti wa tatu na hakujua ausimamishe vipi. Aliendelea polepole, chini chini, mpaka "Amina."

Nilijitetea nyumbani. Nilisema ni mashine za saiba. Nilisema wino. Mtu wa cheo changu hakosi vitu vya kusingizia.

Nilizipunguza Enter hapa, nikaziongeza pale, na kwa wiki kadhaa tukaenda salama. Kisha ikaja safari ya Mulot. Muumini wetu mmoja alifiwa na mama mkwe huko, na kanisa likaombwa liende kuimba. Ijumaa, Baba alinipigia simu akisema maandishi yameanza kuwa membamba. Nilikuwa stendi, nikafungua kitabu kwenye simu na kuongeza ukubwa papo hapo. Kwenye simu programu ile hainionyeshi kurasa. Maneno yanateremka tu, wimbo baada ya wimbo, kama utepe usiokatwa, na kwenye utepe kila kitu kinaonekana kiko mahali pake. Nikawatumia watu wa saiba, wakachapisha, nikakibeba.

Mulot mwaka ule jua lilikuwa limewaka vibaya. Mahindi yalikuwa yamesimama magotini, makavu, yanapiga kelele upepo ukipita. Tuliimba kando ya kaburi, na Baba akasoma vizuri sana beti za faraja, moja baada ya nyingine. Akafunua ukurasa. Kichwa cha wimbo uliofuata kilikuwa kimebaki peke yake chini kabisa ya ukurasa alioupita, na hapo juu palianza moja kwa moja ubeti wa kwanza wa wimbo wa mavuno. Baba akausoma wote, kwa sauti ileile ya heshima, akimshukuru Mungu kwa ghala zilizojaa hadi mlangoni.

Watu wa kwetu wamezoea kutii. Waliuimba. Waliuimba kwa sauti nne, wakiwa wameinamisha vichwa, mbele ya jeneza na mbele ya yale mahindi. Mtoto wa kiume wa marehemu aligeuka akalitazama shamba lake, kisha akatutazama sisi, na mimi nikatamani kuingia kwenye lile shimo kabla ya mwenyewe.

Njiani kurudi nilingoja Baba anigombeze. Hakunigombeza. Tulipokaribia Bomet ndipo akasema, akitazama nje, "Mimi nimesoma kile kimeandikwa."

Hayo tu. Heri angenipiga kofi.

Nilichoogopa hakikuwa aibu yangu peke yake. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mulot. Alisikia kila neno. Mchungaji naye alikuwepo, na niliona akimnong'oneza mtu. Nilijua wakikaa kikao kingine watasema mzee hasomi tena, na kosa lingekuwa langu mimi, mtaalamu, niliyemwandikia baba yangu kitabu cha kumfukuzisha kazi.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mezani mchana, laptopu mbele yangu, nikajaribu kuzihesabu Enter zile. Nikifuta moja, wimbo wa mbele unapanda. Nikiongeza moja, wimbo wa nyuma unatumbukia. Nikitengeneza ukurasa huu, kule mwisho pananiharibikia. Nilianza kwa kuguna, nikaendelea kwa kusonya, na mwishowe, kwa kuwa Mungu hakunipa upole, nikaipiga laptopu kofi kwa kiganja kizima upande wa kulia.

Wimbo ukaruka. Ulitoka pale ulipokuwa, ukatua juu kabisa ya ukurasa unaofuata, umenyooka, na nyuma yake hapakuwa na Enter hata moja. Nikatoa mkono polepole. Nilirudia kwa vidole, nikijaribu kila kitufe kilichokuwa chini ya kiganja, mpaka nikagundua ni viwili: Ctrl na Enter, vikibonyezwa pamoja. Kisha nikaenda kule juu kwenye menyu na kukuta jambo lenyewe limeandikwa wazi, limekaa hapo siku zote likinisubiri. Mimi naliita mkato wa ukurasa. Ukiuweka, unaiambia mashine kwamba ukurasa unakoma hapa, na kinachofuata kianze kwingine, hata maneno yakiwa makubwa au madogo kiasi gani. Nilikuwa nimetumia miezi kusukuma nyimbo kwa kidole kimoja, na mlango ulikuwa wazi kando yangu.

Nilifurahi hadi nikazidisha. Mtu aliyechelewa kujua jambo hulitumia hadi linakera. Sikuridhika na wimbo mmoja kwa ukurasa, nikaweka ubeti mmoja kwa ukurasa. Kitabu cha Baba kikanenepa, kikawa kama godoro la mtoto. Nikaupeleka mkato wangu shuleni, nikatunga mtihani wa kidato cha pili wenye swali moja kwa kila ukurasa, na naibu wa mwalimu mkuu akaniita kunionyesha kwamba nimemaliza karatasi za muhula. Nilimweleza kuhusu utulivu wa macho ya mtahiniwa. Akaniuliza kama mtahiniwa atanunua karatasi.

Lakini kanisani mambo yalinyooka. Baba anasoma ubeti, wanauimba, anafunua. Anasoma, wanauimba, anafunua. Hapakuwa tena na ukurasa mtupu wala mavuno makaburini. Kila baada ya muda alisema maandishi yameanza kumkimbia, nami nilichagua yote, nikaongeza, na beti zikakaa mahali pake. Mchungaji hakuitaja tena projekta. Jumamosi zangu zote zilikuwa za kitabu kile, na mtu akiniuliza niko wapi, nilijibu nahariri.

Basi ikaja Jumapili moja ya masika, mvua imepiga mabati hadi tukangoja inyamaze ndipo tuanze. Nyimbo zilikuwa tatu. Nilikaa benchi la mbele kabisa, pembeni, mahali ambapo kiongozi akigeuka kidogo naona kurasa zake. Wimbo wa kwanza ulienda vizuri, wa pili vilevile. Mchungaji alipoutaja wa tatu, ndipo nilipokumbuka. Jana yake nilikuwa nimeondoa nyimbo za Krismasi ili kitabu kipungue uzito, na nilipokuwa nafuta, nilifuta na ule. Nilikumbuka hata jinsi maneno yalivyopotea. Haukuwa kwenye kitabu.

Nilimtazama Baba akisimama. Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa hata kunyanyua mkono. Niliona kikao cha wazee, nikaona vijana na projekta yao, nikamwona Baba ameketi nyuma akiimba anachosomewa na wengine.

Alifunua kitabu, akasoma ubeti wa kwanza. Sawasawa, neno kwa neno. Watu wakauimba. Akafunua ukurasa, akasoma wa pili. Nikanyoosha shingo. Kwenye ule ukurasa, kwa herufi kubwa ambazo ningezisoma nikiwa mlangoni, palikuwa na wimbo mwingine kabisa. Akafunua, akasoma wa tatu, kidole chake kikitembea kwenye mistari kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya maneno ambayo hakuwa akiyasema. Alimaliza beti zote bila kukosea hata moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nyumbani nilimngoja Mama aende kukamua, nikamsogezea Baba kiti.

"Baba, wimbo wa tatu leo haukuwa kwenye kitabu."

"Haukuwa?"

"Niliufuta jana bila kujua."

"Sasa wewe!" akasema, akacheka. "Mwalimu mzima." Kisha akaacha kucheka, akajua amejikamata.

Nikamuuliza tangu lini haoni maandishi yangu. Akasema ni kitambo, mvua zilizopita, au zile za kabla yake. Hasira zikanipanda. Nilimwambia Jumamosi zangu zote nimezimalizia kwa hicho kitabu, na yeye kila mara ananiambia niongeze, niongeze, na kumbe anaongezewa nini?

"Ungejua sioni, ungeacha kuleta," akasema. "Na mimi nataka hiyo kitabu."

"Ya nini, kama nyimbo zote ziko kichwani?"

"Maneno iko kichwani. Lakini nikisimama hapo mbele, nasahau tumefika wapi. Nitarudia ubeti ya pili, nitaruka ya nne. Sasa nikifunua, kidole inajua. Karatasi moja, ubeti moja. Nyimbo za siku naambiwa mapema, nahesabu karatasi nyumbani, nakunja pale inaanza. Hiyo kitu yako ya kukata kurasa ndio imenisaidia. Maandishi, hata ungeandika bei ya mbolea, ni sawa."

Nilimkumbusha Mulot, kwamba siku ile aliusoma ule ubeti wa mavuno kama ulivyoandikwa.

"Ile siku nilikuwa naona," akasema. "Ndio maana niliharibu."

Nilicheka na kulia pamoja, jambo ambalo huwakataza wanafunzi wangu kuliandika kwenye insha. Kisha akaniomba kwa sauti ya chini, na Baba si mtu wa kuomba. Niendelee kuweka maneno, tena yaliyo sawa, kwa sababu wazee hukaa nyuma yake pale mbele, na mabega hayafichi kitabu. Wakiona anasema hili na kumeandikwa lile, watajua. Mimi ambaye hunyang'anya karatasi ya mwanafunzi aliyegeuza shingo tu kwenye mtihani nikasema, "Sawa, Baba." Sikufikiria hata kidogo.

Wiki ile nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: mwenyekiti wa wazee. Kiti chake kiko nyuma ya Baba moja kwa moja. Jumapili ile alikuwa amekaa hapo, na macho yake ni mazima. Alhamisi nilimkuta kwenye kituo cha kupimia majani, nimepeleka gunia la Baba kwa kuwa Mama alikuwa na mafua. Alikuwa ameegemea nguzo, akingoja zamu yake. Akaniita kando, nami nikamfuata nikitunga uongo njiani.

"Mwalimu," akasema, "ile wimbo ya mwisho Jumapili hukuandika."

Nikasema mashine ya saiba ilikuwa na shida.

"Hapana. Sikiza." Akatazama kama kuna mtu karibu. "Sisi tunajua mzee haoni. Wazee wote tunajua, kutoka mwaka jana. Hatujamwambia, na wewe usimwambie. Tulisema ataongoza kama anaweza soma. Na si anasoma?"

Mimi, mtaalamu, ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

"Lakini Jumapili ulinipatia shida," akaendelea. "Mimi ndio nasomanga hiyo kitabu kutoka nyuma. Akitaka kupotea, nakohoa, anajua amekosea, anarudi. Sasa Jumapili naangalia, naona wimbo ingine. Nilikaa hapo natoka jasho, nikaomba Mungu asipotee, kwa sababu ile wimbo mimi sijui."

Aliitwa kwenye mizani. Akanishika bega, akaenda kubeba gunia lake.

Nilirudi nyumbani kwa Baba, nikamkuta ameketi jua la jioni akiimba peke yake, kitabu kimefungwa magotini. Aliposikia hatua zangu, asijue ni za nani, akakifungua haraka na kuinamisha kichwa juu ya ukurasa. Nilisimama pale nikimpenda. Nikamuuliza, "Unaona vizuri, Baba?" Akaufunua ukurasa na kusema anaona vizuri sana. Nikaingia ndani, nikawasha laptopu, nikaurudisha wimbo niliokuwa nimeufuta, kila ubeti kwenye ukurasa wake, kwa herufi ambazo mtu aliyeketi nyuma yake angeweza kuzisoma.